UZI MAALUMU: Riwaya za kifantasia kwa vijana wa sekondari, tuzihakiki moja baada ya moja

Mama Maktaba (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Wazazi, walezi, walimu, na ninyi vijana mnaosoma humu bila kuchangia, karibuni.

Kuna mjadala unaojirudia kila shule zinapofunga: hivi vitabu vya wachawi na falme za kubuni wanavyoazimana watoto wetu, vina nini ndani? Majibu huwa mawili. Mmoja anasema choma vyote. Mwingine anasema mradi mtoto anasoma, mwache. Wote wawili hawajafungua kitabu. Mimi navifungua kwa sababu nasimamia maktaba ya shule, na pia kwa sababu navipenda, nisisingizie kazi. Nitaweka uhakiki wangu hapa, nanyi ongezeni wenu.

Kwanza utaratibu. Kijana wa miaka 14 anataka kujua hadithi inachangamka kuanzia wapi, mapenzi yapo au hayapo, na je, mwisho ni mwisho kweli au ametegwa anunue sehemu ya pili. Mzazi wake anataka kujua kuna nini humo kabla hajatoa hela. Wahakiki wengi wanamwandikia mmoja na kumsahau mwenzake. Tovuti ya Common Sense Media ya Marekani inajitahidi kwa upande wa mzazi: inapendekeza umri, inaeleza ukatili, ngono, matusi na ulevi. Naitumia. Ila hiyo ni mizani ya mzazi wa kule. Haigusi swali ambalo mzazi wa Sumbawanga au Kilifi analitanguliza: huo uchawi unatoka wapi?

Mimi naanzia hapo. Kisha nauliza unamgharimu nini anayeutumia. Kitabu ambacho shujaa anapewa nguvu za bure na kuzitumia bila hasara yoyote, nakitilia shaka hata kama hakina tusi wala busu. Halafu ndiyo nahesabu damu.

AKATA WITCH, Nnedi Okorafor (2011). Nigeria kilitoka kwa jina la *What Sunny Saw in the Flames*, msije mkanunua mara mbili. Sunny ana miaka 12, kazaliwa New York, wazazi wake Waigbo wamerudi nyumbani na wanaishi Aba. Ana ualbino. Anapenda mpira lakini jua halimruhusu kucheza mchana, na shuleni wanamsakama. Siku moja anatazama mwali wa mshumaa na kuona mwisho wa dunia. Kumbe yeye ni mmoja wa Watu wa Chui, wenye uwezo ambao watu wa kawaida hawaujui. Anaingizwa kwenye kundi la watoto wanne: Orlu, Chichi, na Sasha ambaye wazazi wake wamemtoa Chicago kwa utukutu. Wanne hao wanatumwa kumkabili mtu anayeitwa Black Hat, anayeteka watoto na kuwaua kwa kafara.

Vijana: kinachangamka mapema, kinachekesha, na kuna soko na maktaba ambavyo mtatamani vingekuwepo kweli. Mapenzi ni kidogo sana. Mwisho umefungwa vizuri, ingawa zipo sehemu mbili zaidi (2017 na 2022).

Wazazi: fedha ya Watu wa Chui inadondoka kutoka hewani pale tu mtu anapojifunza jambo jipya. Ukijua zaidi, unapata zaidi, na hakuna njia nyingine halali ya kuipata. Sijaona kitabu cha vijana kinachosifu elimu kwa namna ya kufurahisha kuliko hiyo. Jambo lingine: kile ambacho watu wanakiita kasoro ndicho mlango wa uwezo. Orlu herufi zinamchanganya akisoma, na kipaji chake ni kufumua uchawi wa wengine.

Yenye uzito sasa. Watoto wanauawa. Mwanamieleka anafia ulingoni mbele ya watoto. Sura za mwisho zina damu. Na kwa Tanzania kuna la ziada. Huku kwetu watu wenye ualbino wameshambuliwa na kuuawa kwa ajili ya viungo vyao, hadi Januari 2015 serikali ikapiga marufuku waganga wa ramli. Kitabu hiki kinamweka binti mwenye ualbino upande wa anayemwinda muuaji, na muuaji mwenyewe anatumia kafara za watoto. Kwa mtoto mwenye ualbino hilo linaweza kuwa jambo kubwa la kujivunia, na linaweza pia kumnyima usingizi. Kama anaishi nyumbani kwako, soma wewe kwanza, chote. Kwa wengine nasema miaka 11 au 12 na kuendelea.

CHILDREN OF BLOOD AND BONE, Tomi Adeyemi (2018). Hiki ndicho kinachoazimwa hadi jalada linatoka. Nchi ya Orïsha: mfalme Saran aliwaua watu wenye nguvu, uchawi ukazimika, na watoto wao wenye nywele nyeupe wakabaki kuwa watu wa chini. Zélie, ambaye mama yake alinyongwa, anakutana na Amari, binti mfalme aliyetoroka na hati ya kale, na safari inaanza. Nyuma yao anakuja kaka wa huyo binti mfalme.

Ni zaidi ya kurasa 500, lakini sura ni fupi na wasimulizi wanapokezana, kwa hiyo kinakwenda mbio. Ukatili ni mwingi. Kuna mateso ya gerezani ambapo msichana anachongwa neno la tusi mgongoni kwa kisu, na mwandishi hafumbi macho. Mapenzi ni kati ya mwindaji na anayewindwa, jambo ambalo mimi binafsi halinikai, nitalirudia mtu akiuliza. Mwandishi, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, ameeleza mwishoni mwa kitabu kwamba aliandika akiwa na uchungu wa kuona Wamarekani weusi wakipigwa risasi na polisi. Mweleze kijana wako aisome hiyo tanbihi, maana wengi huiruka. Miaka 14.

RAYBEARER, Jordan Ifueko (2020). Kama utanunua kimoja tu, nunua hiki. Tarisai analelewa kwenye jumba lenye walimu na watumishi, lakini hakuna anayeruhusiwa kumgusa, kwa sababu akimgusa mtu anaziona kumbukumbu zake. Mama yake, anayeitwa tu The Lady, anakuja mara chache na kuondoka. Akifika umri, anatumwa mji mkuu akashindanie nafasi kwenye baraza la mwana wa mfalme, na ndani yake amefungwa amri ya mama: siku utakayompenda huyo kijana kuliko wakati wowote, umuue.

Mzazi, usidanganyike na majoho na mikuki. Kitabu kizima kinahusu mtoto aliyezaliwa ili atimize haja ya mzazi wake. Kuna wazazi kadhaa nimewaazima kwa ajili ya binti zao, wakakirudisha kimya kimya na hawakutaka kukizungumzia. Miaka 13. Sehemu ya pili ipo (*Redemptor*, 2021) na hadithi inaishia hapo, hakuna ya tatu ya kusubiri.

A WIZARD OF EARTHSEA, Ursula K. Le Guin (1968). Kifupi, kama kurasa 200. Mvulana mchunga mbuzi kwenye kisiwa anapelekwa shule ya uchawi, kwa majivuno yake anafungulia kivuli kinachoanza kumwinda. Shule ya wachawi, na ni karibu miaka 30 kabla ya Harry Potter! Shujaa ana ngozi ya kahawia na rafiki yake ni mweusi, lakini majalada mengi yalimchora mzungu na mwandishi alilalamika sana. Ni visiwa, mashua na upepo wa bahari. Mtoto wa Pemba au Lamu atajiona yuko nyumbani. Kiingereza chake ni cha kale kidogo na hakuna vichekesho. Miaka 12, kwa mtoto mtulivu.

Harry Potter mnakijua, sitachosha. Vitabu saba, 1997 hadi 2007, vitatu vya mwanzo mtoto wa miaka 10 anasoma, kuanzia cha nne wanafunzi wanakufa. Na kwa wanaodhani hofu ya uchawi ni ya Waafrika peke yetu: Chama cha Maktaba cha Marekani kiliviweka namba moja kwenye orodha ya vitabu vilivyolalamikiwa zaidi kule kati ya 2000 na 2009.

Karibuni.

Nyundo Tano

Nimekaa pale, nasubiri wachungaji wafike.

Baba Wawili

Mama Maktaba heshima yako. Swali la haraka: PDF zipo? Weka hapa au nitumie inbox.

Mama Maktaba

Baba Wawili, sina na sitafuti. Mitumba ya vitabu ipo, maktaba ya mkoa ipo, na kijana wako ana rafiki mwenye nakala, nakuhakikishia.

Mtoto wa Bandari

Assalaam aleikum. Mama, umesema swali la kwanza ni uchawi unatoka wapi, halafu hukulijibu. Nami ndilo lililonileta. Mimi niko Mombasa, wanangu wanasoma hivi vitabu, sina shida na zimwi wala joka. Lakini kuna tofauti kati ya hadithi yenye jini na hadithi ambayo wahusika wanaomba miungu kwa majina, wanapiga magoti, na maombi yanajibiwa. Nilifungua hicho cha Adeyemi nikakuta hayo.

Mama Maktaba

Wa aleikum salaam. Swali zuri, na ni kweli nililirusha juu juu.

Kabla ya yote nikukumbushe tulikotoka. Shaaban Robert aliandika *Adili na Nduguze*, na humo kuna manyani wawili wanaochapwa kila usiku, ambao kumbe ni ndugu wa Adili waliogeuzwa kwa husuda yao. Kuna jini, kuna mji mzima uliogeuka mawe. *Kusadikika* ya 1951 ni nchi inayoelea hewani. *Alfu Lela U Lela* kwa Kiswahili tulirithi kwa babu zetu. Fantasia haikuletwa na meli juzi.

Mtoto wa Bandari

Hapo ndipo tunapoachana njia. Kwa Shaaban Robert jini ni kiumbe, naye yuko chini ya Mungu kama mimi na wewe. Husuda inaadhibiwa, wema unalipwa, na kila mtu anajua aliye juu. Huwezi kumweka pamoja na kitabu ambacho uchawi wenyewe ndiyo ibada. Sisemi kipigwe marufuku. Nasema mhakiki akitaja tu "kuna uchawi" kwa vyote viwili hajanisaidia.

Mama Maktaba

Nakubaliana nawe, na naona tuutenge kabisa ili mzazi ajue anaingia wapi.

Kuna vitabu ambavyo uwezo ni wa kuzaliwa nao na unanolewa kwa kusoma, kama kipaji cha hesabu. Potter yumo, *Akata Witch* kwa sehemu kubwa yumo, ingawa kuna mizimu na vinyago vya Kiigbo ambavyo ni vya imani halisi. Kuna ambavyo uwezo ni ujuzi wa majina ya kweli ya vitu, na mungu hatajwi kwa ibada: hapo ni Earthsea. Na kuna ambavyo nguvu inatoka kwa miungu, na hapo ni Adeyemi. Zaidi ya hapo, miungu yake ameitwaa kwenye imani ya Wayoruba ambayo watu wanaiishi hadi leo, Nigeria, Brazil na Cuba. Kwa hiyo hata kumwambia mtoto "hayo ni ya kubuni tu" si haki kwa wenye imani hiyo. Tarisai wa *Raybearer* yuko katikati: dini ipo, lakini imebuniwa pamoja na nchi yake.

Kila mtu achague na nyumba yake.

Form Three B

Shikamooni wakubwa. Naomba kuchangia kwa sababu mnatujadili kama hatupo.

Mimi nimesoma cha Adeyemi vyote vitatu. Cha kwanza nilimaliza wikiendi moja nikachelewa kufua. Cha pili kinachosha, wanagombana ugomvi uleule sura baada ya sura, na kinaishia mahali pabaya kabisa. Cha pili kilitoka 2019 na cha tatu 2024, fikirieni waliosubiri. Kwa mwenye hamu ningesema asome cha kwanza aishie hapo, kinatosha chenyewe.

La pili. Hayo maonyo mnayowaandikia wazazi, sisi tunayasoma kwanza. Mkiandika "sura fulani ina jambo fulani" tunaanzia hapo.

Mama Maktaba

Marahaba mwanangu. Najua mnaanzia hapo, kadi za maktaba zinasema yote.

Ndiyo sababu onyo langu naliandika mbele yenu wote wawili, silifichi kwenye ujumbe wa wazazi. Kijana naye ana haki ya kujua kwamba sura ile itamkuta. Wapo wanafunzi walionirudishia kitabu wakiwa wamefika nusu, wamekutana na mtu kunyongwa au ubakaji bila kuambiwa, na hawakurudi tena kuazima. Hao nawaandikia zaidi kuliko wanaotafuta sura ya busu.

Form Three B

Sawa mama. Ila mapenzi ya Zélie na yule kaka wa Amari mnayachukia bure. Yule kijana anateseka!

Mama Maktaba

Anateseka, ndiyo, na nasikitika naye. Lakini ni wa jeshi lililomnyonga mama wa binti, na amechoma kijiji chake. Hadithi nyingi za namna hii zinamfundisha msichana kwamba mwanaume akiwa na majonzi ya kutosha, uovu wake unasamehewa. Kwa haki ya mwandishi, hamalizi kama ulivyotamani wewe, na hapo nilimpigia makofi. Tusiwaharibie wengine.

Mwl. wa Zamu

Habari za jioni. Mnazungumzia maadili, mimi nazungumzia lugha. Hapa Tanzania mtoto wa shule ya kawaida anatoka darasa la saba akiwa amesomeshwa kwa Kiswahili, kidato cha kwanza anageuziwa Kiingereza. Mwaka wa pili mnampa kitabu cha kurasa 500 chenye majina ya kubuni, wanyama wa kubuni, na Kiyoruba juu. Anashindwa kujua neno lipi ni la kamusi na lipi mwandishi kalitunga jana. Nimeona wanafunzi wanatafuta kwenye kamusi jina la mnyama asiyekuwepo duniani. Uhakiki useme na hilo.

Mama Maktaba

Mwalimu, umenena. Basi kwa lugha peke yake, nikiacha mengine yote: rahisi kuliko vyote ni *Akata Witch*, sentensi fupi, mazungumzo mengi, wahusika wanakula na kugombana kama sisi. Kinafuata Potter cha kwanza, ingawa vichekesho vya Waingereza vinawapita watoto wengi. Adeyemi ana sentensi nyepesi kuliko unene wa kitabu unavyotisha. *Raybearer* inadai msomaji mzoefu kidogo. Earthsea ni kurasa chache lakini kila sentensi imebeba, kwa mwanafunzi wa kidato cha pili ni mlima.

Na kuna njia ya kusikiliza. Kitabu cha sauti cha Adeyemi, msomaji ni Bahni Turpin, kilipata tuzo kubwa ya vitabu vya sauti Marekani mwaka 2019. Mtoto akisikiliza huku macho yako kwenye ukurasa, majina yale yanaacha kumtisha. Mwambie pia aruke neno asilolijua mara ya kwanza, arudi likijitokeza mara ya tatu.

Mkulima wa Kahawa

Mnipe ushauri. Mtoto wa kidato cha pili aliomba seti fulani, jalada zuri, kuna msichana mwenye upinde na viumbe wa msituni. Nikanunua nikijua ni hizi hizi za vijana. Jina ni A Court of Thorns and Roses. Dada yake mkubwa ndiye aliyenishtua.

Muuza Vitabu

Mkuu, naomba nijibu mimi maana ni kazi yangu. Kitabu hicho cha Sarah J. Maas kilipotoka 2015 kilikaa kwenye rafu za vijana. Sehemu zilizofuata zikazidi kuwa za kitandani, na mwaka 2020 mchapishaji akakitoa upya kwa majalada mapya kama kitabu cha watu wazima. Lakini nakala za zamani bado zinazunguka kwenye mitumba, na msimulizi ana miaka 19, kwa hiyo wauzaji wengi wanakirudisha kwa vijana. Ngono humo imeelezwa waziwazi, haikufumbwa.

Mwingine wa kuangalia ni *Fourth Wing* wa Rebecca Yarros, 2023. Ni chuo, kuna madragoni, kuna mitihani, mzazi anaona "chuo" anatulia. Ni cha watu wazima tangu siku ya kwanza. Watoto wanakitaka kwa sababu kimejaa TikTok.

Dawa ndogo: usitazame picha. Geuza nyuma, au ukurasa wenye maelezo ya mchapishaji. Vitabu vingi vya vijana vya Marekani vimeandikwa umri, mfano 12 au 14 na kuendelea. Kama hakuna umri popote na mhusika mkuu amefika miaka 19 au 20, uliza kabla ya kulipa.

Mkulima wa Kahawa

Nashukuru sana. Sasa nimnyang'anye? Amefika cha pili.

Muuza Vitabu

Hapo mimi nauza tu, mkuu. Waulize wenye watoto.

Baba Wawili

Nyang'anya leo hii.

Mama Maktaba

Akifika cha pili ameshaona. Mama yake au shangazi akae naye waongee, tena kwa jina la mambo, bila mafumbo. Kisha vilivyobaki vikae kwa dada mkubwa hadi afike umri, naye aambiwe kwa nini. Ukimnyang'anya kimya kimya atavisoma kwenye simu ya rafiki, na safari hiyo hutaambiwa.

Mswahili wa Minnesota

Kwetu huku tatizo ni kinyume. Mwanangu wa miaka 13 anameza hivi vitabu kwa Kiingereza, Kiswahili anasikia tu. Nataka kitu chenye maajabu kwa Kiswahili, lakini nikimpa *Adili* anasema ni cha bibi.

Mwl. wa Zamu

Msomee wewe kwa sauti, sura moja usiku, na uanze pale Adili anapowachapa manyani, usianze mwanzo. Akiuliza kwa nini anawachapa huku analia, umeshampata.

Mama Maktaba

Naongeza kwa mwenye kupenda vitu vya kale: *Elisi Katika Nchi ya Ajabu*, tafsiri ya Alice iliyotoka 1940, Elisi amechorwa kama msichana wa Kiafrika. Kuipata ni bahati, lakini mkiiona picha yake ya jalada mtafurahi nyote wawili. Hadithi mpya za fantasia kwa Kiswahili kwa umri wa miaka 13 ni chache mno, na hilo ni deni la wachapishaji wetu. Mwenye kuifahamu inayosomeka aitaje hapa.

Nyundo Tano

Wachungaji hawajafika. Nimeishia kuagiza Earthsea.

Shangazi wa Moro

Jamani nimesoma uzi wote. Nina binti wa marehemu dada yangu, miaka 15, dada alifariki mwaka jana. Anasoma sana, ndiyo namna yake ya kujificha. Rafiki yake amempa *Legendborn*. Kipoje?

Mama Maktaba

Pole sana, shangazi. Kitabu chake nakijua vizuri, ni cha Tracy Deonn, 2020.

Nikueleze bila kuzunguka. Kinaanza na kifo cha mama. Bree ana miaka 16, mama yake anafariki kwa ajali ya gari, na usiku huohuo walikuwa wamegombana, binti alitaka kwenda kusoma chuo cha Chapel Hill, mama hakutaka. Kwa hiyo ndani yake kuna huzuni na kuna ile hatia ya maneno ya mwisho. Huko chuoni anagundua kundi la siri la wanafunzi, wa ukoo wa mashujaa wa Mfalme Arthur wa hadithi za kale za Uingereza, na anashuku kifo cha mama hakikuwa ajali tu. Upande wa pili kuna uganga wa mizizi wa wanawake weusi wa Marekani ya kusini, unaopita kwa mama na bibi. Karibu na mwisho kinatajwa kisa cha mwanamke mtumwa aliyebakwa na bwana wake. Kuna mapigano mengi na mapenzi ya kijana.

Huzuni yenyewe imeandikwa na mtu anayeijua. Bree anajigawa mara mbili, yule wa kabla na yule wa baada, na anafanya kila njia yule wa baada asionekane. Baba anampeleka kwa mwanasaikolojia na kitabu hakifanyi mzaha na jambo hilo. Kwa binti aliyefiwa kinaweza kuwa mtu wa kwanza anayemwelewa. Kinaweza pia kumtonesha.

Kama dada na binti yake waliachana vibaya, au binti hakupata kuaga, soma wewe sura tano za mwanzo kabla yake. Kama sivyo, mwambie tu mbele: kinaanza na mama kufariki, na ukitaka kuacha, acha.

Shangazi wa Moro

Hawakuachana vibaya. Ila hakuaga, alikuwa bweni.

Mama Maktaba

Basi anza wewe usiku wa leo. Sura hizo tano ni fupi. Kisha mpe kitabu, mwambie umezisoma, halafu usimuulize lolote mpaka aseme mwenyewe.

Na mwambie kuhusu mfululizo: kuna *Bloodmarked* ya 2022 na *Oathbound* ya 2025. Ya pili inaishia pabaya, asiianze kama ya tatu haipo karibu.